Kutunza na Kubadilisha Pampu ya Mafuta ya Gari Dogo la Petroli

Gari dogo linapogoma kuwaka ilhali selfu inazungusha injini vizuri, pampu ya mafuta ndiyo hutajwa kwanza, na mara nyingi hununuliwa nyingine na kufungwa kabla mtu yeyote hajathibitisha kwamba ile ya zamani imekufa. Nimeshashika mikononi pampu nzima kabisa zilizotupwa kwa namna hiyo, huku kosa lenyewe likiwa limebaki kwenye rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) au kwenye waya ulioungua. Nimeona pia hali iliyo mbaya zaidi: pampu imekufa kweli, ikabadilishwa kwa haraka, lakini kile kilichoiua kikaachwa palepale ndani ya tangi au ndani ya soketi, na pampu mpya ikaifuata mwenzake baada ya miezi michache. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unachelewa kidogo kufika kwenye spana. Unaanza na namna pampu inavyofanya kazi na inavyotunzwa, kisha unapita kwenye vipimo, na ndipo kazi ya kufungua tangi inapofuata.

Maelezo yote yanahusu gari la petroli lenye injekta (midomo midogo inayoinyunyizia injini petroli), ambalo pampu yake ya umeme imezama ndani ya tangi, kwa kuwa ndivyo yalivyo magari madogo mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990. Gari la kabureta huwa na pampu ya aina nyingine, iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti, na kazi yake ni nyepesi zaidi. Gari ambalo injekta zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda lina pampu mbili: ile ya tangini, ambayo yote yaliyomo humu yanaihusu, na nyingine iliyoko kwenye injini, ambayo hubana mafuta kwa presha ya kutisha inayoweza kutoboa ngozi ya mtu. Hiyo ya pili usiifungue nyumbani kwa hali yoyote.

Pampu inavyofanya kazi

Ukitoa pampu tangini utaona kwamba si kifaa kimoja bali ni mkusanyiko wa vifaa vilivyofungwa kwenye fremu ya plastiki. Chini kabisa kuna chujio la nyavu laini, ambalo mafundi wengi huliita soksi kwa jinsi lilivyo. Juu yake kuna mota ndogo ya umeme yenye gurudumu la kusukuma mafuta, na katika njia ya kutokea kuna vali inayoyazuia mafuta yasirudi nyuma pampu inapozimwa. Katika magari mengi kidhibiti presha kimo humohumo, na pembeni hutokeza mkono mwembamba wenye boya, ambao ndio unaoiambia geji ya dashibodi kiasi cha mafuta yaliyobaki.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui ni kwamba petroli hupita katikati ya mota yenyewe, ikizigusa koili na brashi zake (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Haiwaki humo kwa sababu hakuna hewa ya kutosha kuiwezesha kuwaka. Petroli hiyo ndiyo inayoipoza mota na kuilainisha, kwa hiyo pampu inayozunguka bila mafuta hujisaga na kuungua ndani ya muda mfupi sana. Karibu kila ushauri wa utunzaji utakaousoma hapa chini unatokana na jambo hili moja.

Umeme wa pampu hupitia kwenye fyuzi na rilei, na rilei hiyo huamrishwa na kompyuta ya injini. Unapofungua ufunguo bila kupiga selfu, kompyuta huiendesha pampu kwa sekunde 2 au 3 ili kujaza presha kwenye bomba, kisha huizima ikisubiri kuona injini inazunguka. Injini isipozunguka, au kompyuta isipopata taarifa ya mzunguko kutoka kwenye sensa ya krenki (mhimili mkuu wa injini), pampu haiendelei. Utaratibu huu uliwekwa ili gari lililopata ajali lisiendelee kumwaga petroli, lakini maana yake kwa mpimaji ni kwamba sensa mbovu ya krenki inaweza kuifanya pampu nzima ionekane imekufa.

Utunzaji wa kila siku

Usiliache tangi likaribie kukauka. Robo ya tangi ni mpaka mzuri wa kujiwekea, kwa sababu chini ya hapo petroli iliyobaki hupata joto upesi, na gari linapopinda kona au kupanda mlima mafuta husogea upande mmoja na kuiacha pampu ikivuta hewa kwa nukta chache. Nukta hizo chache, zikirudiwa kila siku kwa miaka, huila pampu taratibu bila dalili yoyote hadi siku inapokataa. Taa ya mafuta iliwekwa kwa ajili ya dharura, na anayeizoea kama ratiba ya kawaida ya safari zake anaifupishia pampu maisha.

Filta ya mafuta iliyo nje ya tangi, kama gari lako linayo, ibadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, au mapema zaidi ikiwa unajaza kwenye vituo usivyovijua. Filta iliyoziba haiziumizi injekta tu. Huifanya pampu isukume dhidi ya ukuta, ivute umeme mwingi kuliko kawaida, na ipate joto. Magari mengine yana filta iliyounganishwa na pampu ndani ya tangi na hayana ratiba ya kuibadilisha, na kwa hayo usafi wa petroli ndiyo kinga pekee. Usijaze gari wakati lori linamimina mafuta kwenye kisima cha kituo, kwa kuwa uchafu na maji yaliyotulia chini huwa yamevurugwa saa hiyo. Kifuniko cha tangi nacho kiangaliwe mpira wake, hasa kama gari hulala nje kwenye mvua.

Gari litakalokaa miezi kadhaa bila kuendeshwa liachwe na tangi lililojaa, ili kupunguza nafasi ya hewa ambamo unyevu hugandia na kugeuka matone ya maji. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utomvu wa rangi ya kahawia unaonatisha vali ya pampu na sehemu zake zinazozunguka. Kuhusu vichupa vya dawa za kuongeza kwenye petroli, maoni yangu ni kwamba baadhi husaidia kusafisha injekta, lakini hakuna dawa inayorudisha brashi za mota zilizokwisha kulika, na mtu asiahirishe vipimo kwa kutumaini kichupa.

Dalili, na kwa nini haziaminiki peke yake

Pampu inayochoka hutoa mlio mwembamba wa kulalamika kutoka chini ya kiti cha nyuma, mlio ambao haukuwapo zamani na ambao huongezeka mafuta yanapopungua. Gari hukosa nguvu linapopanda mlima au unapolipita jingine, kisha hutulia likiwa kwenye mwendo mdogo, kwa sababu mwendo mdogo hauhitaji mafuta mengi. Wakati mwingine gari huzima baada ya safari ndefu kwenye joto, hukataa kabisa kwa nusu saa, kisha huwaka kama kwamba hakuna kilichotokea, na hiyo ni tabia ya mota ambayo brashi zake zimekaribia kwisha. Ukilazimika kupiga selfu kwa muda mrefu kila asubuhi, lakini gari likiwaka upesi mchana kutwa, ishuku vali inayozuia mafuta yasirudi tangini, au injekta inayovuja.

Lakini kila moja ya dalili hizi ina ndugu zake. Filta iliyoziba huleta ukosefu uleule wa nguvu, koili ya plagi inayoshindwa ikipata joto huzima gari vilevile, na sensa ya krenki hufanya hivyohivyo. Dalili hukuonyesha pa kupima tu.

Vipimo kabla ya kufungua tangi

Anza kwa masikio. Mwombe mwenzako afungue ufunguo bila kupiga selfu, nawe uweke sikio karibu na kiti cha nyuma au kwenye mdomo wa kujazia mafuta. Mvumo mfupi wa sekunde 2 au 3 ukisikika, umeme unafika na mota inazunguka, ingawa hilo halithibitishi kwamba presha inatosha. Kusiposikika kitu, nenda kwenye fyuzi ya pampu, ambayo mahali pake pamechorwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampia zilezile, kamwe usizidishe, na ujue kwamba fyuzi haikatiki bila sababu: ama waya umegusa bodi, ama pampu imeanza kukwama na kuvuta umeme kupita kiasi.

Rilei hupimwa kwa urahisi zaidi kwa kuibadilisha na nyingine inayofanana nayo ndani ya sanduku hilohilo, kwa mfano ile ya honi ikiwa namba zake ni zilezile. Magari mengine yana swichi ya usalama inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa, na swichi hiyo hufyatuka pia kwa shimo kubwa la barabarani. Hurudishwa kwa kubonyezwa tu, na kitabu cha gari kitakuonyesha ilipo.

Sasa nyanyua kiti cha nyuma na ufungue kifuniko kidogo kilicho chini yake, ambacho kwa magari madogo mengi ndiyo njia ya kufikia pampu. Hapa ndipo kipimo chenye thamani kuliko vyote kinapofanyika. Weka maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye nyaya za pampu kwa nyuma ya soketi, soketi ikiwa imechomekwa na pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, kisha ukashuka hadi volti 8 pampu inapoanza kuvuta. Volti unazozipata zisipungue zile za betri kwa zaidi ya nusu volti, isipokuwa kwenye magari ambayo mwendo wa pampu hupunguzwa kwa makusudi na kifaa maalumu. Pima pia upande wa hasi, kati ya waya wa hasi wa pampu na ncha ya hasi ya betri: kukiwa na zaidi ya sehemu 2 za kumi za volti, waya unaorudi kwenye bodi ni mbovu na unahitaji kusafishwa mwisho wake.

Mwaka mmoja niliwahi kupelekewa gari lililokuwa limebadilishwa pampu mara mbili mfululizo, na kila mara liliendesha vizuri kwa majuma machache kisha likaanza kukosa nguvu. Nilipochomoa soketi ya juu ya tangi, tundu moja kati ya manne lilikuwa limebadilika rangi kutoka nyeupe hadi kahawia, plastiki yake imevimba, na pini iliyoingia humo ilikuwa nyeusi na imelegea kiasi cha kutikisika kwa ukucha. Pale ndipo volti 3 zilipokuwa zikipotea na kugeuka joto. Soketi na nyaya zake fupi zilibadilishwa, na pampu ileile iliyokuwa imehukumiwa kufa ikaendelea kufanya kazi. Tangu hapo sipokei neno la mtu kuhusu pampu kabla sijaitazama soketi yake kwa tochi.

Ikiwa umeme ni mzuri, kinachobaki ni presha na kiasi. Geji ya presha hufungwa kwenye bomba la mafuta karibu na injekta, kwenye nafasi yenye vali kama ya gurudumu ikiwa gari lako linayo, au kwa kiunganishi cha kuingiza katikati ya bomba. Injini ndogo nyingi zenye injekta za kawaida huhitaji kilopaskali 250 hadi 400, yaani takriban paundi 36 hadi 58 kwa inchi ya mraba, na namba kamili iko kwenye kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Presha ikifika kiwango chake na kubaki hapo, hata injini inapokanyagiwa mafuta, pampu haina kosa. Ikifika kisha ikaporomoka mara tu pampu inapozimwa, kuna kitu hakishiki. Presha ikiwa ndogo, badilisha kwanza filta ya nje kabla ya kulaumu pampu. Kwa upande wa kiasi, pampu nzima kwa kawaida hutoa angalau nusu lita ndani ya nusu dakika. Kipimo hiki humwaga petroli chomboni, kwa hiyo kifanyike nje na kwa tahadhari zinazofuata.

Usalama

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki juu na kupotea bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mabonde. Kwa hiyo kazi hii haifanyiki ndani ya gereji iliyofungwa, wala juu ya shimo la ukaguzi, wala karibu na jiko, mashine ya kuchomea au friji inayojiwasha yenyewe. Fanya nje, kivulini, injini ikiwa imepoa, na uwe na kizima moto cha poda au cha povu mahali ambapo mkono unakifikia bila kuhama. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kueneza moto.

Vaa miwani ya kazi na glovu zisizoliwa na petroli. Tumia tochi ya betri iliyofunikwa vizuri, usitumie taa ya balbu yenye waya, kwa sababu balbu ikianguka na kupasuka uzi wake wa moto hukutana na mvuke papo hapo. Gusa chuma cha bodi ya gari kabla ya kugusa tangi, ili umeme tuli wa mwilini utokee huko. Simu na iwe mbali. Na usivute petroli kwa mdomo kwa mpira: tone dogo likiingia mapafuni linaweza kumpeleka mtu hospitali, na kuna pampu za mkono za kazi hiyo.

Kutoa pampu ya zamani

Panga kazi siku ambayo tangi lina robo au chini ya hapo, kwa kuwa tangi lililojaa litamwaga mafuta kwenye kiti mara tu utakapolegeza pete inayoishikilia pampu. Kisha toa presha iliyobaki kwenye bomba: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini na uiache ijizimie yenyewe, halafu piga selfu mara moja au mbili kwa sekunde chache. Ikiwa injini haiwaki kabisa, funika kiungo cha bomba kwa kitambaa kinene na ukilegeze polepole, kitambaa kikinywa kile kitakachochuruzika. Baada ya hapo ndipo unapochomoa ncha ya hasi ya betri.

Ukishatoa kiti na kifuniko, usiguse pampu bado. Utazame kwanza uso wa juu wa tangi. Katika gari lililotembea barabara za vumbi utakuta mchanga umejaa kuzunguka pete, umelala kwenye kila mfereji wa plastiki, na umegandamana na mafuta yaliyovuja kidogo kidogo kwa miaka. Mchanga huo wote uko umbali wa upana wa kidole kutoka kwenye tundu utakalolifungua. Tumia brashi na mashine ya kunyonya vumbi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu, na urudie hadi kidole kitoke safi. Maliza usafi huu wote kabla ya kulegeza chochote, kwa sababu mashine ya kunyonya vumbi ina mota yenye cheche na haipaswi kukaribia tangi lililo wazi. Dakika 15 za usafi hapa zina faida kwa pampu mpya kuliko jambo jingine lolote utakalolifanya siku hiyo.

Piga picha ya mabomba na nyaya kama zilivyo. Chomoa soketi ya umeme, kisha mabomba ya mafuta. Viungo vyake vingi huwa na vibanio vya plastiki vya kubonyeza pande mbili, na vikiwa vya zamani huvunjika kwa urahisi, hivyo visukume kwanza kuelekea kwenye pampu ili kulegeza mchanga, ndipo ubonyeze na kuvuta. Weka alama ya kalamu inayokata kutoka kwenye kichwa cha pampu hadi kwenye tangi, maana pampu ikigeuzwa hata kidogo, boya la geji litagonga ukuta wa tangi na dashibodi itadanganya.

Pampu nyingine hushikwa na bolti ndogo, nyingine na pete kubwa ya plastiki au ya chuma. Pete ina kifaa chake cha kuifungulia. Ukikikosa, tumia kipande cha mti mgumu na nyundo, ukigonga taratibu kwenye meno ya pete pande tofauti. Patasi ya chuma hutoa cheche na hukata meno ya plastiki. Pete ikitoka, inua pampu wima hadi soksi ionekane, ilaze kidogo upande ili mkono wa boya upite bila kupinda, iache ichuruzike ndani ya tangi, kisha iweke kwenye beseni. Funika tundu mara moja kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Kusoma kilichoiua

Hatua hii huwa inarukwa, nami naisisitiza kuliko zote. Angalia soksi. Ikiwa na rangi yake ya asili au imefifia kidogo tu, uchafu haukuwa tatizo. Ikiwa imefunikwa na tope jekundu, tangi la chuma limeshika kutu ndani. Ikiwa na utelezi wa kahawia, petroli ilikaa muda mrefu ikaoza. Angaza ndani ya tangi kwa tochi na utazame sakafu yake: maji huonekana kama shanga zinazoteleza chini ya petroli bila kuchanganyika nayo. Chochote kati ya hivi kikipatikana, mafuta yote yatolewe na tangi lisafishwe, hata kama ni lazima kulishusha kutoka chini ya gari, kwa maana pampu mpya itavuta uchafu uleule kuanzia dakika ya kwanza. Angalia pia soketi ya juu na nyaya za ndani, kwa sababu zilizotajwa.

Kuchagua na kuandaa mpya

Unaweza kununua mkusanyiko mzima au mota peke yake. Mkusanyiko mzima ni kazi fupi na salama zaidi kwa mtu anayeifanya kwa mara ya kwanza, kwani huja na vali, kidhibiti na boya jipya. Mota peke yake inatosha ikiwa plastiki ya zamani haijapasuka na geji ilikuwa inasoma sawasawa. Vyovyote iwavyo, ziweke mbili hizo kando kwa kando na ulinganishe urefu, umbo la soketi, unene wa midomo ya bomba na upande inakoelekea, kisha uhakikishe kwamba presha iliyoandikiwa gari lako ndiyo pampu mpya inayoitoa. Pampu iliyobandikwa jina maarufu lakini isiyo na namba yoyote mwilini mwake irudishe dukani.

Ukibadilisha mota peke yake, weka soksi mpya kila mara, na ule mpira mfupi unaounganisha mota na kichwa uwe ni wa aina iliyotengenezwa kuzama ndani ya petroli. Mpira wa kawaida wa mafuta hustahimili petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa huanza kulainika kwa nje, na hatimaye hupasuka na kurudisha presha yote tangini. Viungo vya umeme vya ndani vibanwe kwa vibanio vya chuma, visifungwe kwa utepe wa gundi, maana gundi yake huyeyuka na kuishia kwenye soksi. Usiijaribu pampu ikiwa kavu kwa kuigusisha betri, hata kwa sekunde moja, iwe ni kwa kuhakikisha au kwa kuonyeshana.

Kurudisha

Oringi ya zamani, yaani pete ya mpira inayoziba kati ya pampu na tangi, isitumike tena. Imekunywa petroli kwa miaka na kutanuka, na ukiilazimisha kurudi kwenye mfereji wake itajikunja mahali usipopaona. Safisha mfereji, laza oringi mpya bila kuipinda, na kama ni kavu sana ipake petroli safi kidogo tu. Gundi ya silikoni isikaribie hapa, kwa kuwa petroli huilegeza, na vipande vyake husafiri hadi kwenye injekta.

Ingiza pampu kwa pembe ileile uliyoitoa nayo, boya likitangulia, kisha uisimamishe na kulinganisha alama ya kalamu. Utahisi chemchemi za chini zikisukuma juu, jambo ambalo ni la kawaida, kwani huishikilia soksi kwenye sakafu ya tangi. Mtu wa pili aikandamize kichwa kwa mikono yote miwili wakati wewe unaanzisha pete kwa vidole. Ikiwa pete haizunguki kwa vidole kwa duru ya kwanza, uzi wake umevukana, nawe uanze upya. Bolti nazo zikazwe kwa kuvukavuka, kidogo kidogo, kufuata kipimo cha kitabu cha ufundi.

Sukuma mabomba hadi yatoe mlio wa kushika, halafu yavute kwa nguvu ya kiasi ili kuthibitisha. Chomeka soketi, rudisha fyuzi au rilei, na uongeze petroli safi angalau lita 10. Hewa ikishapunga na harufu ya mvuke kupotea ndani ya gari, ndipo uunganishe betri.

Fungua ufunguo kwa sekunde 3, funga, na urudie mara 4 au 5 bila kupiga selfu, ili bomba lijae na hewa itoke. Kati ya mara moja na nyingine, tazama kila kiungo kwa tochi na ukipitishie kidole chenye glovu. Kukiwa na unyevu popote, simama hapo hapo na urekebishe. Kukiwa kukavu, washa injini, iache itulie, kisha upime presha tena na uandike namba hiyo kwenye kitabu cha gari pamoja na kilomita za siku hiyo, ili siku nyingine uwe na cha kulinganisha nacho. Funika kifuniko cha chini ya kiti kwa mpira wake, maana ndio unaozuia mvuke na vumbi, na uende safari fupi yenye mlima ukiwa na mtu wa kusikiliza nyuma.

Limebaki jaribio moja ambalo haliwezi kufanyika siku hiyohiyo ikiwa tangi lina robo tu. Petroli haifiki kwenye oringi mpaka tangi lijae, kwa hiyo pampu iliyofungwa vibaya inaweza kuonekana kavu kwa juma zima. Mara ya kwanza unapojaza hadi juu, endesha kilomita chache zenye kona, simama mahali pa wazi, nyanyua kiti, fungua kile kifuniko kidogo, na upitishe kitambaa cheupe kuizunguka pete.